Kihisi Kilichoatamiwa

Jumatatu, 9 Februari
Vihisi vimerudi kutoka kupigwa miale mikali ya mnururisho. Viwili tu: changu na cha Ottavia Bressan. Vipande vya silikoni, kila kimoja kama ukucha, na vimechakaa kama vilivyokaa miaka mingi pale protoni zinapogongana. Sasa vinaishi kwenye friza, maana joto huviharibu. Ijumaa vinapimwa. Kitakachoziona chembe vizuri zaidi ndicho kitakachoingia kwenye mtambo mpya. Profesa Perrochet kasema anataka ushindani wa kiungwana. Nami nautaka. Hasa nikishinda.

Jumanne, 10 Februari
Ottavia kanipita kwenye korido, kauliza mbele za watu, "Kaka Blaise, chako bado kinapumua?" Wakacheka. Nikacheka nami, meno tu.

Mchana, watu wote walikwenda kula. Nikakitoa kisanduku chake kwenye friza, nikakiweka juu ya mashine ya kahawa. Pale pana joto la kulainisha jibini. Nilikusudia kukiacha mpaka jioni, ila baada ya saa moja nikamsikia Ottavia kwenye ngazi. Nikakirudisha mbio. Si kitu. Joto ni joto.

Ijumaa, 13 Februari
Changu: chembe tisini katika kila mia. Si haba.

Cha Ottavia: tisini na nane.

Profesa kashangaa, kasema ni kana kwamba kimepashwa joto. Nikauliza, kama mtu asiyejali, iwapo joto huponya. Akasema ndiyo, joto la muda mfupi huponya baadhi ya majeraha ya silikoni. Alikuwa anaanza kueleza la muda mrefu, lakini mimi nilikwisha shika njia.

Nimeomba changu kipimwe tena Jumatatu. Ottavia kaniombea mwenyewe: "Mpeni, Profesa. Hata mahututi hutundikiwa dripu."

Jumamosi, 14 Februari
Kisanduku changu kiko juu ya redieta, kile kipasha joto cha ofisini kwangu, nimekifunika sweta. Kama cha Ottavia kilipona kwa saa moja, changu kikilala hapo hadi Jumatatu kitakuwa shujaa. Naenda kuteleza kwenye theluji, roho kwatu.

Jumatatu, 16 Februari
Nilikuta kisanga. Kisanduku hakimo kwenye friza, na bwana wa usalama wa mnururisho anazunguka jengo na kipimo kinacholia, maana vihisi bado vinatoa mnururisho. Kikamwongoza ngazini, kikamwingiza ofisini kwangu, kikamfikisha kwenye sweta. Nikasema sijui ni ya nani. Akanionyesha kolani: jina langu, mama alilishona.

Ottavia kainama, kaitazama ile sweta kwa huruma. "Kaka, ulikuwa unakiatamia?"

Kikapimwa hata hivyo. Chembe kumi na moja katika mia, na umeme unavuja kama maji kwenye pakacha. Profesa akamalizia maneno yake ya Ijumaa: joto likizidi muda, huua. Mtambo mpya umechukua cha Ottavia. Mimi nimepangiwa kuwa msaidizi wake.

Jumanne, 17 Februari
Nimetafakari kwa kina. Kosa si langu. Joto lenyewe halina msimamo. Leo nimesoma makala inayosifu baridi kali kupita kiasi, nikaagiza barafu kavu papo hapo. Makala yenyewe nimefika nusu. Nusu iliyobaki inaanza na neno "lakini", nitaisoma nikipata wasaa.