Malalamiko Kuhusu Vilima Vidogo vya Moyo wa Bibi Burulkan

Ndugu Mhandisi Mkuu,

Kwa heshima, na kwa woga kidogo, mimi karani wa kipimo cha moyo hapa Zahanati ya Tash-Bulak naandika kuhusu programu yako ya kubana vipimo ili viwe vyepesi kutumwa mjini. Mtandao wetu wa mlimani ni mwembamba, naelewa. Programu huuvunja mstari wa moyo kuwa mawimbi, hubakiza makubwa, hutupa madogo, kisha mstari huundwa upya huko mjini. Hesabu yake sina neno nayo. Ila:

1. Tangu uagize tubane zaidi, hatuna wagonjwa. Wachungaji wa mifugo wanaingia wakihema, majibu ya mjini yanasema ni wazima.

2. Habari zimeenea. Wapanda farasi wanakuja kubanwa kabla ya mashindano. "Kaka, ninyooshe vizuri, kocha asione kitu," aliniambia mmoja. Nikamjibu hii si pasi ya nguo. "Mbona baba mkwe wangu ulimnyoosha?"

3. Bibi Burulkan, mkamuaji wa maziwa ya farasi, amezimia mara mbili penye ndoo. Karatasi yetu inaonyesha vilima vidogo visivyofuatwa na pigo, kana kwamba moyo unasahau kupiga. Nakala iliyowafikia ninyi mjini, baada ya kubanwa, haina vilima hivyo. Daktari wenu wa moyo akajibu: "Moyo mtulivu wa mtu wa mlimani. Arudi kazini." Bibi akacheka. "Mwanangu, waambie waje wakamue wao, mimi nianguke kwa nafasi." Alhamisi anapanda malishoni, kusikofika gari.

4. Mwongozo unaahidi cheti kwa zahanati yenye mafaili madogo kuliko zote. Naogopa kusema, lakini mstari unaobanika kuliko yote ni wa maiti.

Naomba ruhusa ya kutuma mstari mmoja tu bila kubanwa, wa Bibi. Msaidizi wako alinijibu kwa simu: "Utaziba laini ya mkoa mzima, karani. Tafuta kazi nyingine kwanza." Kazi nyingine sina.

Wasalimie wote ofisini. Dereva anayeleta barua hii ana pia vitonge vya maziwa makavu, kazi ya mikono ya Bibi.

Wako mtiifu,
Ermek Satarov

N.B. Nilipomaliza kuandika nilijipima. Mstari wangu ulijaa mitetemeko. Baada ya kubanwa, umetulia kabisa. Kumbe sikuogopa, wala sina la kulalamikia. Hesabu kwamba barua hii haikuandikwa. Vitonge nimevifunga kwa karatasi iliyokuwa karibu, mstari wa Bibi kabla ya kubanwa. Ni vya daktari wa moyo; tafadhali avifungue mwenyewe, kabla ya Alhamisi.