Karama Yangu Iliyomwangukia Muuza Nyama

Kwako Baba Mchungaji,

Kwanza shikamoo, na pole kwa mahubiri ya Jumapili, maana yalikuwa marefu hadi sisi wasikilizaji tukachoka kwa niaba yako. Anayekuandikia ni mimi kinyozi wa hapo mkabala na kanisa, ninayekunyoa hicho kichwa kinachong'aa madhabahuni. Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini kalamu inanitii, kama utakavyojionea.

Naja mbele yako kwa unyenyekevu kudai karama yangu ya kunena kwa lugha, ambayo ilitoka mkononi mwako ikiwa yangu, ikaishia kwa muuza nyama. Malalamiko ni haya:

1. Siku ya maombezi tulipanga mstari, macho tumefumba, nawe ukapita ukituwekea mkono kichwani. Mama aliyenitangulia alipokea, akanena papo hapo. Zamu yangu ilipofika, kandambili yangu ikakatika, nikainama. Mkono wako, Baba, haukuinama nami. Ulinipita juu kwa juu ukatua kwenye kipara cha muuza nyama, mtu asiyenifaa hata kibiashara. Na yeye hakuja kuombewa! Alikuja kufuata mwavuli wake aliomwazima mpiga kinanda. Akaangua lugha, mwavuli akausahau.

2. Hajui kuitunza. Ananena buchani. Mteja akiomba nyama isiyo na mfupa anajibiwa kwa lugha, na kwa kuwa hakuna wa kufasiri, anaondoka na mfupa mtupu huku akiitikia amina. Mbwa wa mlangoni pake hawabweki tena. Wanakaa wanamsikiliza kwa utulivu ambao wewe Baba hujawahi kuupata kwa vijana wa viti vya nyuma.

3. Sasa hapa ndipo penye kidonda. Unamjua mchumba wangu, yule mshonaji anayeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Mama yake, mwenyekiti wa akina mama, alishanikubali vizuri tu. Lakini alipoona hata muuza nyama amenena, akatangaza mbele ya akina mama waliokuwa wakikunja vitambaa vya meza kwamba binti yake haolewi na bubu wa kiroho. Mimi, bubu! Mimi ambaye nikiwasha mashine, mteja hainuki kitini hadi ameujua mtaa mzima! Vijana wa kwaya sasa wananiita Redio Bila Betri. Suti imelala kwa fundi, na mchumba anashona huku analia, nguo za watu zinapinda mshono.

4. Usidhani nimekaa tu. Nilifunga kula hadi mkono ukatetemeka, nikamchimbia mwalimu wa Shule ya Jumapili barabara katikati ya kichwa. Kisha nikasimama ibadani nikaporomosha lugha ya nguvu. Mama mkwe akasema hayo ni majina ya wachezaji wa mpira yametajwa harakaharaka. Ni kweli, lakini si angenisitiri?

5. Kwa hiyo naomba muuza nyama arudishwe mstarini, asimame palepale, nami mbele yake, safari hii nimevaa viatu vya kamba. Weka mkono mmoja kwake, mwingine kwangu, karama ihame. Ikishindikana, tugawane: yeye siku za kazi, mimi siku za ibada na siku ya harusi. Hilo nalo likishindikana, mtangaze kuwa ulimi wangu rasmi. Tuongozane kila mahali, akae mezani kwa mama mkwe aninenee, asimame kati yangu na bibi harusi, ilimradi aelewe mapema kwamba fungate si ya watu watatu.

Wasalimie mama mchungaji, watoto, mlinzi wa geti, na wote wanaonipenda. Wasionipenda wasalimie pia, ila kwa sauti ya chini.

Ni mimi mwanao katika imani, mwenye mkasi mkali na ulimi mtupu,
Kinyozi.

NB: Baba, usiendelee! Nilikuwa nakunja barua, baba yake mchumba akaingia kunyolewa ndevu. Mzee yule sijawahi kumsikia akimaliza sentensi. Leo kazimaliza zote. Anasema kwake mke ananena, mabinti wananena, shangazi aliyekuja kutembea, naye ananena. Akiuliza chumvi iko wapi, anabaki kutazama midomo. Anachotaka ni mkwe mmoja tu wa kumwuliza habari za asubuhi akajibiwa nzuri. Keshamwambia mkewe kwamba mwenye binti ni yeye, na harusi ni Jumamosi, mradi nibaki hivi hivi nilivyo. Basi futa yote ya hapo juu. Muuza nyama abaki nayo, aongezewe na nyingine. Na kama jina langu limo kwenye maombi ya leo, litoe upesi, maana tangu mzee atoke hapa ulimi umeanza kuniwasha, na haya nayaandika nimeuma taulo la wateja.