Njuri ni Dini, Mimi Nimesema

Jumapili, 4 Septemba 1955
Mutembei amekuja kanisani na fimbo nyeusi na usinga. Wazee wa Njuri, baraza la siri linaloamua kesi zetu sisi Wameru, wamemwingiza kwao! Mutembei! Tulitahiriwa asubuhi moja, na kisu kilianza na mimi. Mimi nikikohoa mkutanoni naambiwa nikakohoe nje. Yeye sasa akikohoa, chifu anangoja amalize. Ciakuthii, mke wangu wa ndoa ya pete, amesema fimbo inampendeza. Sikula chakula cha mchana. Baadaye nilikula, lakini kwa hasira.

Jumatatu, 5 Septemba
Nimepata dawa yake. Mkristo hawezi kuwa na dini mbili. Kwa hiyo Njuri ni dini! Nimemweleza mchungaji Riungu. Wana kiapo, wana mbuzi wa kuchinja, wana siri, wana wakubwa wanaoheshimiwa bila sababu. Kama hiyo si dini ni nini? Mchungaji aliposikia neno kiapo alifunga dirisha. Siku hizi ukilitamka kwa sauti unalala kambi ya kizuizini. Akanikumbusha kwamba hao Njuri ndio wanaowasafisha watu kiapo cha wapiganaji wa msituni, na serikali yenyewe inawaamini. Nikamjibu kwamba serikali haitatupokea mbinguni. Hapo aliitisha kikao cha wazee wa kanisa. Nilijipenda sana.

Ijumaa, 9 Septemba
Kikao cha wazee wa kanisa. Mutembei aliulizwa wanafanya nini kule ndani. Akasema hawezi kusema, ila Mungu wanayemwomba ni huyu huyu. Niliruka juu. Kumbe wanaomba! Ciakuthii, aliyekuwa ameleta chai na nyama, akauliza: ikiwa wanaume kujifungia, kula nyama na kuwaacha wanawake nje ni dini, basi kikao hiki nacho ni dini gani? Walicheka wote. Nilimwambia aongeze sukari.
Uamuzi: Njuri ni dini. Muumini aliyeingia ataketi benchi la nyuma na hatagusa sahani ya sadaka. Nimeshinda! Sahani aliyokuwa akiipitisha yeye sasa ni yangu.

Jumapili, 11 Septemba
Nimepitisha sahani. Hakuna aliyenitazama. Shingo zote ziligeuka nyuma kumwangalia Mutembei, utadhani ni bwana harusi. Baada ya ibada watu walipanga mstari kumsalimia. Mwenyewe aliniambia ahsante kwa kazi, ndugu yangu, na hakuwa na kinyongo hata kidogo. Hilo ndilo lililoniua. Wivu unaniwasha mwili mzima, nasema wazi kwa kuwa hapa hasomi mtu. Benchi la nyuma halitoshi. Lazima afukuzwe kabisa. Nahitaji ushahidi.

Jumatano, 14 Septemba
Niliomba pasi ya kwenda soko la Muthara. Sokoni sikufika. Kwa sababu ya kafyu Njuri hukutana mchana, kwa hiyo nilitambaa kwenye nyasi hadi karibu na kichaka chao. Nikasikia bunduki inakokiwa kisogoni. Homgadi, mlinzi wa kijiji wa serikali! Mtu mzima anayetambaa porini mwaka huu ana jina moja tu: mtu wa msituni. Niliinua mikono. Ningeweza ningeinua na miguu. Alisema ananipeleka kambini, na wanaopelekwa huko hawarudi upesi. Nililia, basi.
Wazee wakatoka. Mutembei akasema mbele ya wote kwamba huyu ni mtu wetu. Bunduki ikashuka. Mzee Gitari, mkubwa wao, akaeleza kwamba asiye wa Njuri akisogea pale, ama ni adui ama anaingizwa. Nichague. Homgadi alikuwa bado amesimama. Nikachagua. Ada ni fahali wangu, yule mwekundu.

Alhamisi, 15 Septemba
Niliyoyaona siwezi kuyaandika. Nimeapa. Ila naweza kusema kwamba kuni za kuchomea nyama ni nzito, na wapya ndio huzibeba. Halafu kesi ya mpaka wa shamba, kutwa nzima. Dini gani hiyo? Nimejichongea fimbo nyeusi. Ciakuthii ameitazama akaniuliza kama naenda kuchunga.

Jumapili, 18 Septemba
Nimeketi benchi la nyuma. Nilimweleza mchungaji kwamba Njuri si dini hata kidogo, ni kesi na kuni. Akajibu kwamba maneno yangu ya kwanza yaliwagusa wazee zaidi.
Haidhuru. Nilikaa bega kwa bega na Mutembei na shingo zikageuka, nami nikageuziwa. Nilifurahi. Kisha akaninong'oneza kwamba Jumatano hatakuwa nasi. Ndani ya Njuri kuna baraza jingine dogo, la wachache, na wamemwita. Mimi sikuitwa. Nilimuuliza wanafanya nini huko. Akasema hawezi kusema.
Hawezi kusema!
Nimemkamata mchungaji mlangoni. Nimemwambia Njuri ya nje naijua, haina neno. Lakini hao wa ndani wanajificha, wanaapa, wanachinja. Hao ndio dini yenyewe! Ameomba kwenda nyumbani.
Jumatano nitapita upande wa migomba. Wakinikamata, ng'ombe wa maziwa bado yupo. Ciakuthii sijamwambia.