Matonge ya Jumbe Yeremia

Serikali ya Mwingereza ilitangaza barazani, mbele ya wazee na mbuzi waliokuwa wakipita, kwamba unene wa Jumbe Yeremia Mughwai sasa ni suala la utawala. Baiskeli mbili za serikali zilikuwa zimepinda chini yake katika kazi ya kukusanya kodi, na ya tatu isingetolewa mpaka apungue. Akishindwa, cheo cha ujumbe kingekwenda kwa binamu yake Paskali, mtu mwembamba ambaye tayari alikuwa ameanza kujifunza kuendesha baiskeli.

"Kila kitakacholiwa mezani pa Jumbe kiandikwe kabla hakijamezwa," alisoma karani Nathanaeli, aliyeletwa kutoka bomani na penseli na daftari. "Ni agizo la Bwana Shauri mwenyewe."

Jumbe aliitikia kwa heshima. Aliipenda kazi yake, hasa ile sehemu ya kukaribishwa chakula kila nyumba.

Asubuhi yake mkewe, Klara, alitenga ugali wa uwele na mlenda. Nathanaeli akalamba ncha ya penseli.

"Tonge hilo tuliite la ukubwa gani, Jumbe?"

"La kawaida."

Nathanaeli alilitazama. "Kawaida ya nani?"

"Andika kama ngumi," alisema Klara. "Na togwa alilokunywa jikoni uliandike."

"Togwa ni kinywaji, mama Dina," Jumbe alimwambia mkewe.

"Kina unga."

Wakati wanajadiliana, ugali ulipoa. Ikawa hivyo kila siku. Isitoshe, jioni Nathanaeli alimsomea Jumbe kwa sauti yote aliyokula, na majirani wakisikia. Aibu ikamshika. Akaanza kuacha mapaja ya kuku, kisha kuku mwenyewe. Mkanda wake ukatobolewa matundu mapya. Hata kesi alizisikiliza mpaka mwisho, maana hakuna aliyekuwa akimngoja na sahani, na watu wakaanza kusema kwamba kumbe Jumbe ana busara.

Mwezi ulipokwisha Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, alikuja na gari kukagua maendeleo. Naye alikuwa mtu wa kujaza mlango. Kama ilivyo desturi, alichinjiwa mbuzi. Jumbe aliomba kipande cha ini, akakitafuna taratibu. Bwana Shauri alikula bega, akafuata mbavu, kisha akauliza kama lile paja lina mwenyewe.

Nathanaeli aliandika bila kupumzika.

"Yule mwache," Jumbe alimnong'oneza.

"Agizo linasema mezani pa Jumbe. Halikusema mdomo wa nani."

Bwana Shauri, vidole vikimeremeta mafuta, alitia sahihi kila ukurasa bila kusoma. Daftari likapelekwa kwa daktari wa jimbo.

Daktari alijibu haraka. Jumbe anaendelea vizuri, apewe baiskeli. Ila yule mlaji mwingine, ambaye sahihi yake imeonekana kila ukurasa, ni hatari kwa magari ya serikali. Azunguke wilaya kwa miguu, na kila afikapo kwa Jumbe Yeremia ale chini ya uangalizi wa karani.

Safari iliyofuata Bwana Shauri aliingia uani akiwa na vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo, Bwana," alisema Jumbe.

"Marahaba. Leo kuna nini?"

"Mlenda, Bwana."

Kwa wiki nzima Jumbe alikuwa amejiandaa kucheka. Lakini alipomwona mzungu yule akimega tonge dogo, akilitazama, akimtazama karani, kisha akilipunguza tena, kicheko kilimwisha. Njaa ile aliijua.

Sahani ikabaki tupu. Bwana Shauri akaendelea kuiangalia.

Penseli ya Nathanaeli ilikatika ncha. Akainuka kwenda jikoni kumwomba Klara kisu cha kuichongea. Jumbe akasukuma sahani yake, bado na ugali wa moto, mpaka magotini pa mgeni.

"Kula upesi, Bwana," alisema kwa sauti ya chini. "Serikali inarudi sasa hivi."