Korosho za Mnunuzi Asiyenunua

Tangazo kwenye geti la hekalu la Wahindu pale Masasi lilisema Jumamosi ni sikukuu, watu wa dini zote karibuni. Wapita njia walisoma wakaenda zao. Fortunatus, mtu wa suti kila siku ingawa hakuna ofisi inayomjua, alisoma, akamwona mzee wa Kihindi mwenye nguo nyeupe akishuka kwenye gari, na papo hapo akampa kazi: mnunuzi wa korosho kutoka Mumbai.

"Anataka makontena," alimnong'oneza Mama Dina, mbanguaji wa korosho. "Lete debe moja la sampuli, nyeupe tupu. Usimwambie mtu. Na usimsemeshe, bei naongea mimi."

Maneno hayohayo alimpelekea Mwalimu Gasper, ambaye wakulima wa Chiwata wanamjua kwa kununua korosho zao bei ya kutupa. Mpango ulikuwa madebe yaingie mlango wa mbele wa hekalu na kutokea wa nyuma, anakosubiri mwenzake Ashiru na bodaboda, kisha yauzwe Mtwara.

Jumamosi wafanyabiashara hao wawili wakakutana getini, kila mmoja na debe lake, wakatazamana vibaya; Fortunatus akawatangulia ndani upesi. Mlangoni alisimama mwangalizi wa hekalu, Babu Ramniki.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Karibuni sana. Viatu viacheni hapa." Akawapaka nukta nyekundu kwenye paji la uso. Mwalimu, mzee wa kanisa, alifumba macho kama anachomwa sindano. "Na madebe haya?"

Akisema sampuli, ataulizwa sampuli ya nini. "Zawadi, Babu," alisema Fortunatus.

"Mmefanya vema. Yaweke mbele ya Mungu."

Fortunatus akayabeba mwenyewe, moja baada ya jingine, macho ya watu wote yakimsindikiza. Ni mara chache mtu hubeba jeneza lake kwa adabu namna ile.

Ibada ilipokwisha, Babu akatangaza kwamba kilichowekwa mbele ya Mungu hakina mwenyewe tena, huliwa na wote. Akina mama wakaanza kugawa.

"Wanaonja wote hawa?" aliuliza Mwalimu.

"Wakaguzi." Fortunatus aliangalia mlango wa nyuma.

"Watu mia mbili?"

"Kampuni kubwa."

Mama Dina akachoka kunyamaza. Akamwendea mzee wa nguo nyeupe. "Shikamoo, Baba. Umezionaje?"

"Marahaba, mama. Tamu mno. Mimi mzaliwa wa Newala, nimefundisha hesabu Dodoma miaka thelathini. Huko hatuli kama hizi."

"Kwa hiyo hununui?"

"Kwa pensheni yangu? Labda nusu kilo."

Mama Dina akageuka. Fortunatus alikwisha kufika mlango wa nyuma, lakini Mwalimu alikuwa ameshika koti la suti, na amelishika kwa uchungu. Mama Dina akampa achague: kituo cha polisi au kigoda.

Jumatatu Fortunatus alikuwa kigodani, kibarazani kwa Mama Dina, akibangua debe la kwanza kati ya mawili anayodaiwa, utomvu wa maganda ukimchubua vidole.

"Mama Dina," alianza taratibu, "kuna tajiri mmoja Nachingwea..."

"Bangua," alisema Mama Dina.