Kijimpira Changu Hakivuji

Jumatatu, 12 Mei
Hospitali wamepiga tena. Mara ya nne! Nesi anasema kile kijimpira walichonitia Januari, kati ya figo na kibofu, baada ya kunitoa jiwe, kilitakiwa kukaa wiki sita tu. Sasa ni miezi minne. Nikamwambia asinifundishe mabomba. Miaka ishirini na mbili natengeneza mabomba ya watu! Kitu kinapitisha, hakivuji, unakifungua ya nini? Isitoshe, nikilazwa hata siku moja, shemeji atanyakua kazi yangu ya shule. Naye fundi bomba, ati. Ananinyemelea.

Jumanne, 13 Mei
Nimepata dawa yao! Nimempigia nesi kwa upole, nikampa namba yangu mpya. Ni ya shemeji. Wasumbuane wenyewe. Nimecheka hadi ubavu ukaniuma. Nilipoacha kucheka, ukaendelea kuuma.

Alhamisi, 15 Mei
Kazi ya shule imeanza. Bomba la jikoni limeziba kwa chokaa, tundu limebaki la kupitisha kalamu. Nikamgombeza mpishi mbele ya wenzake: bomba likiachwa bila kukaguliwa, chokaa hujijenga, ukoko juu ya ukoko! Uzembe gani huu! Akaomba radhi. Nikaenda kukojoa kwa furaha. Mkojo mwekundu. Ni ile juisi ya jana, bila shaka.

Ijumaa, 16 Mei
Shemeji kaja! Na mke wangu, na mama mkwe. Nesi alidhani anaongea na mimi, akamwaga yote: kijimpira kikipitisha muda hushika chokaa, na figo inaweza kufa kimyakimya. Mke wangu akalia, akasema hataki kuwa mjane kwa sababu ya ubishi. Nikasimama nijitetee. Homa ikanikalisha. Shemeji kanibeba mgongoni hadi kwenye gari. Mgongoni!

Jumatano, 21 Mei
Kimetoka. Februari ingekuwa kazi ya dakika chache. Safari hii wamenipasua saa tatu nzima, wakivunja chokaa kwanza. Daktari kanionyesha. Ukoko mtupu, kama birika la zamani. Figo imeponea chupuchupu. Niliogopa, nakiri. Kisha nikamwambia ukweli: aliyekifunga alitumia mpira hafifu.
Wameweka kipya. Kitolewe tarehe nne Juni, bila kukosa. Tarehe nne! Siku hiyo ndiyo namalizia vyoo vya walimu, kabla shemeji hajavidandia. Nesi akataka namba ya mtu wa kuaminika. Nimempa ya mama mkwe. Hapokei namba asizozijua.