Gari Lisilokunywa Mafuta

Wananchi wote wa Njombe walitangaziwa, kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni pa Ofisi ya Uratibu wa Soko Huria, kwamba kuanzia Jumatatu ile mageuzi ya uchumi yamewasili rasmi wilayani. Yalikuwa na rangi ya fedha, milango minne na viti vya ngozi. Yalitoka Ujerumani mwaka themanini na sita, yakatumiwa na watu wa heshima Dar es Salaam, na sasa, mwaka tisini na tano, yalikuwa yameegeshwa mbele ya masjala yakimsubiri Mratibu.

Mratibu, Bwana Hezekia Mlowe, alieleza kwamba ofisi haiwezi kuhubiri ushindani ikiwa ndani ya pikapu ya kubebea mbolea. Dunia ilikuwa inakimbia, na gari hili lilitengenezwa kwa ajili ya kukimbia.

Dereva alikuwa Nahumu Sanga, mtu wa Makete, mwaka wake wa kumi na tisa kazini. Alipokabidhiwa ufunguo alinawa mikono kwanza. Hakuwahi kuendesha kitu kinachonguruma kwa adabu namna ile.

Safari ya kwanza ilikuwa Matembwe, kuwaeleza wakulima kwamba sasa wako huru. Mvua ilikuwa imenyesha, na gari liko chini kama sahani. Wakulima walilitoa kwenye tope mara nne kwa kamba za kuvutia magogo. Ripoti ikaandika kwamba wananchi wamelipokea gari kwa mikono miwili. Wakati wa kurudi, kwenye mlima, wota pampu ilikufa, na mvuke ukafunika kioo chote.

"Limechemka?" aliuliza Mratibu.

"Limechemka, Mzee."

"Andika limesimama kwa tathmini."

Kesho yake Nahumu alipanda lori la viazi la Halfan hadi Makambako, kwenye duka la Hajira, Mama Fahadi, aliyeuza vipuri vya magari yaliyogongwa njia kuu ya Zambia.

"Karibu, kaka Nahumu. Mjerumani wako analia nini?"

"Wota pampu, dada."

Hajira aliinama chini ya kaunta, akatafuta kidogo, akainuka na pampu mkononi. "Ya ndugu yake kabisa, toka nitoke. Aliparamiwa na lori pale njia panda. Kilichopona ni hii na kitasa cha buti."

Nahumu alimwomba amwekee, akarudi Njombe anapiga mluzi. Lakini Kamati ya Ununuzi wa Vipuri ilikaa, ikanywa chai, na katibu wake, Bi Idda, akasoma kanuni: kila kifaa kishindaniwe na wauzaji watatu.

"Yupo mmoja tu, Mzee," alisema Nahumu. "Kutoka hapa mpaka Tunduma nimeuliza."

Mratibu alisikitika. "Basi soko halijakomaa. Tutasubiri wafike watatu."

"Na gari?"

"Gari nalo litasubiri. Ni la Kijerumani, lina nidhamu."

Kamati ilikaa mara kumi na moja kuangalia kama soko limekomaa. Halikukomaa. Kati ya kikao cha saba na cha nane ukaja waraka wa kupunguza wafanyakazi: dereva yeyote ambaye gari lake halijasogea siku thelathini, apunguzwe. Nahumu aliusoma mara mbili akiwa amesimama, mara ya tatu akiwa ameketi. Alikuwa na watoto wanne shuleni. Alihesabu kwenye kalenda ya ukutani: zilibaki siku mbili.

Asubuhi iliyofuata alimwendea mlinzi, mzee Benno.

"Kamwene, mzee. Nisaidie kusukuma."

"Kwenda wapi?"

"Pale kwenye mti wa mpichi, mwisho wa ua."

Walisukuma mpaka kwenye mpichi, na jioni wakasukuma kurudi. Nahumu akafungua daftari la safari, akajaza kwa mwandiko mzuri: *Kutoka masjala hadi mpichi, na kurudi. Mafuta: sifuri. Nguvu: kutoka nyuma. Ajali: hakuna.* Akafanya hivyo kila siku ya kazi. Mratibu alitia sahihi kila Ijumaa bila kusoma, kama desturi ya viongozi wenye mzigo mkubwa.

Mwisho wa robo mwaka Bi Idda alijumlisha: safari hamsini na nane, mafuta sifuri. Mratibu alizitazama takwimu zile kwa muda mrefu. Kisha akaandika barua Wizarani kwamba, chini ya usimamizi wake binafsi, wilaya imefanikiwa kuendesha gari la Kijerumani bila tone la mafuta.

Wizara ilijibu kwa simu ya maandishi: HONGERA STOP MTAALAMU ANAKUJA KUJIFUNZA STOP MPOKEENI STESHENI MAKAMBAKO KWA GARI HUSIKA STOP.

Siku hiyo Kamati haikukaa. Mratibu alimshika Nahumu bega. "Ndugu yangu, tafuta ile pampu. Kwa njia yoyote isiyo na karatasi."

Nahumu alifunga gari nyuma ya lori la Halfan, na juu ya viazi akapakia baiskeli yake. Hajira aliipokea ile baiskeli badala ya fedha, akaizungusha gurudumu, akamtazama mwenyewe.

"Una hakika, kaka?"

"Nina watoto, dada."

Hajira akaita fundi, na kabla ya adhuhuri Mjerumani alikuwa ananguruma kwa adabu. Mratibu, aliyekuja kwa basi, alilisikiliza, akanyoosha tai na kusahau baiskeli.

Treni iliingia. Akashuka Bi Scholastica, mtaalamu, mama mfupi mwenye miwani na faili. Alilizunguka gari, akasoma daftari lote, akaketi kiti cha mbele.

"Wizara imefurahi sana, Bwana Mratibu. Mgao wenu wa mafuta tumeufuta tangu juzi. Sasa nionyesheni."

"Nini, mama?"

"Usimamizi wako binafsi. Daftari linasema nguvu inatoka nyuma."

Madereva wa malori walikuwa wameanza kusogea kutazama. Mratibu aliinama dirishani kwa Nahumu, akanong'ona, "Washa!"

Mkono wa Nahumu ulikuwa kwenye ufunguo. Akafikiria ule waraka, na kwa nini uliwataja madereva na si Kamati.

"Mzee," alijibu kwa sauti ya kusikika, "utaratibu hauniruhusu."

Mratibu alivua koti, akazunguka nyuma. Gari likasogea, polepole, likapita soko, likashika barabara ya Njombe, kilomita sitini.

"Dereva makini sana," alisema Bi Scholastica, akiandika. "Nafasi yako isiguswe."

Nyuma Mratibu alikuwa anasema kitu. Nahumu akashusha kioo kidogo asikie, halafu akakipandisha, maana nje kulikuwa na baridi.